Muhuri wa Mtaa

Sipigi mbizi kutafuta lulu.
Hapa Magogoni, chini ya gati la pantoni,
lulu hakuna. Kuna matope, na ndani ya matope
kuna kila kilichowahi kumponyoka mtu mwenye haraka.

Nimeshatoa pete. Nimeshatoa simu kumi na moja
na meno ya bandia ya bwana mmoja wa Tungi,
akayasuuza palepale kwa maji ya chumvi, akayavaa,
ndipo akapata mdomo wa kubishania bei.

Siku hiyo akaja Bi Siwema Chaurembo,
mtendaji wa mtaa wetu, viatu mkononi.
"Chande, muhuri umezama."
Nikacheka. Muhuri ni mti na mpira, mama,
na mti huelea. Kautafute Kunduchi.
Hakucheka. Ulikuwa ndani ya kikebe cha biskuti
pamoja na kidau cha wino, funguo za ofisi
na kufuli la akiba, la shaba, zito kama deni.
Kila jioni huondoka nao, maana ukilala ofisini,
asema, asubuhi utakuta mtaa umeuzwa.
Mkanda wa mkoba ulikatika kwenye msukumano wa saa kumi na moja.

Siku tatu mtaa haukuwa mtaa.
Mtoto wa Mwantumu kakataliwa shule.
Kijana wa fundi Mbaruku yuko mahabusu;
mdhamini anaye, barua hana.
Hata tapeli wa viwanja alikaa kibarazani,
mikono mapajani, kama aliyefiwa.

Tukapatana elfu thelathini.
Nikangoja maji mafu, mkondo ukichoka.
Kamba kiunoni, jiwe la kilo kumi kifuani,
Hashili juu ameshika ncha:
kivuko kikigusa ng'ambo, nina dakika kumi na mbili.
Akivuta mara mbili, pangaboi linarudi.
Akivuta mara tatu, limefika, mpumbavu wewe.

Chini hakuna kuona.
Watu wa juu hudhani bahari ni buluu;
yangu mimi ina rangi ya uji wa ulezi,
na macho yangu yako kwenye kucha.
Hiki kisoda. Hiki kisoda.
Hii kandambili, ya kushoto,
daima za kushoto, sijui kwa nini.
Hii shingo ya chupa, polepole.
Huyu yu hai, samahani.
Pumzi ya kwanza ikaisha. Ya pili. Ya nne.
Kwenye ya saba, masikio yakinipigia ngoma nisiyoijua,
vidole vikakuta bati, kona yake,
mfuniko umeachama.
Kufuli, lipo. Wino, umeshanyweka na bahari.
Muhuri. Nikazipapasa herufi kwa dole gumba,
zimegeuzwa kinyume, nikazisoma kwa ngozi:
OFISI YA
na kamba ikavutwa mara mbili.

Juu, kabla sijaukabidhi, nikajigonga nao kiganjani.
Haukuandika kitu. Duara la tope tu,
na tone kutoka nywelani likalifuta.
Bi Siwema akaukausha kwa upindo wa khanga
kama amfutaye mtoto kamasi,
akanihesabia elfu ishirini na tano.
Tano iliyobaki, alisema, ni mchango wa mtaa.

Juma lililofuata nikaenda ofisini kwake.
Nataka kufungua akaunti; benki wanataka barua
kwamba mimi ni mimi
na kwamba ninaishi ninapoishi.
Akaiandika vizuri, mwandiko wa mwalimu,
akauinua muhuri, ukasimama hewani.
"Elfu mbili, Chande."
"Ya nini?"
"Ya muhuri."

Tukatazamana. Hashili, mlangoni, akakohoa.
Nikatoa. Ukashuka, pa!

Barua ninayo hapa. Itazame kwenye O ya OFISI:
kuna kitone cheupe, wino haukushika.
Ni chembe ya mchanga wa chini ya pantoni,
imeng'ang'ania mpirani, haichokoleki.
Kila anayetambulishwa mtaani kwetu sasa,
mwema na mwizi,
anatambulishwa nayo.